Madaftari ya Ukambani

Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalifunguka kwa muda mfupi juu ya Kitui, na Johann Ludwig Krapf akauona mlima upande wa kaskazini magharibi, vilele vyake viwili vimesimama kama pembe, vimefunikwa na weupe. Habari za mlima huo alikuwa amekwisha kuzipata. Mwenyeji wake, Kivoi, tajiri wa pembe za ndovu aliyejulikana kutoka Kitui hadi Mombasa, alimweleza kwamba alifika Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko, na kwamba uko mwingine mkubwa zaidi, mwendo wa siku sita kutoka Kitui. Kivoi alimtajia na jina lake, nalo Krapf akaliandika kama alivyolisikia: Kegnia.

Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza. Kazi aliyoajiriwa kuifanya Ukambani haikumwendea vizuri. Hakuacha kanisa Kitui wala waumini wa kuhesabika. Lililodumu ni lile alilolifanya kando ya kazi. Kila siku aliandika: maji yalipatikana wapi, njia ilipinda wapi, mwenyeji alisema nini. Mwaka 1850, kule Tübingen, alichapisha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwamo, pamoja na Injili ya Marko kwa Kikamba. Hakuna aliyekuwa akimdai msamiati wa lugha sita. Aliukusanya kwa sababu maneno yalimvutia.

London, habari za theluji karibu na mstari wa ikweta zilimchekesha William Desborough Cooley. Cooley alikuwa msomi wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga. Tusimdharau haraka: alisoma maandishi ya Wareno na Waarabu kwa makini kuliko wengi wa wakati wake, na huko huko London alipata kuongea na Mswahili, Khamis bin Uthman, akamhoji juu ya njia za bara. Lakini mwaka 1852, katika kitabu chake juu ya bara la ndani, aliwatupilia mbali Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, aliyekuwa ameuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Hoja zake zilipangwa vizuri, Kiingereza chake kilikuwa safi, na wakubwa wengi walimwamini. Hata baada ya msafara wa Baron von der Decken kupanda sehemu ya Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuthibitisha theluji, Cooley hakukubali. Alifariki mwaka 1883. Mwaka huo huo Joseph Thomson alisimama Laikipia akautazama Mlima Kenya kwa macho yake.

Leo Cooley husomwa na wachache wanaochunguza historia ya jiografia. Krapf bado husomwa na mtu yeyote anayetaka kujua Kitui ilikuwaje kabla ya reli, kabla ya serikali ya kikoloni, kabla ya kodi ya vibanda. Anayetaka kujua sababu na afungue kurasa za safari yake ya pili.

Ilikuwa mwaka 1851. Krapf alirudi Kitui, akafuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Karibu na mto walivamiwa na Kivoi akauawa pamoja na baadhi ya watu wake. Krapf alikimbia peke yake. Mchana alijificha vichakani, usiku akatembea, na kiu ikamzidi hata akaamua kuufuata mto palipokuwa na hatari. Alipoufikia alikunywa akashiba, kisha akagundua kwamba hana chombo cha kuchukulia maji. Akakijaza maji kifuko cha ngozi cha darubini yake. Kisha akaitazama bunduki, akaijaza maji mitutu yake na kuiziba kwa majani.

Jambo kama hilo mtu hawezi kulitunga akiwa nyumbani. Mwandishi wa kukisia angempa shujaa wake kibuyu. Krapf anatuachia bunduki isiyoweza tena kufyatua risasi kwa sababu imegeuzwa mtungi, na kutoka hapo msomaji humwamini hata anaposema mambo yasiyoweza kuthibitishwa. Tena hafichi aibu iliyofuata: aliporudi kijijini kwa Kivoi, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kubaki hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Ilimbidi atoroke usiku.

Baada yake walikuja wengi wenye madaftari. Johann Maria Hildebrandt, mkusanyaji wa mimea kutoka Ujerumani, alifika Kitui mwaka 1877 akinuia kwenda hadi Mlima Kenya, akakwama hapo hapo. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo kuhusu Wakamba na majirani zao katika jarida la Berlin. Jina lake limebaki kwa mimea na ndege wa nyika, mmoja wao kwezi mwenye tumbo la rangi ya kutu.

Wamisionari nao hawakuacha kalamu. Waskoti walianza kituo Kibwezi mwaka 1891, Wajerumani wakakaa Ikutha na baadaye Mulango, na mwishoni mwa 1895 Peter Cameron Scott akafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission kule Nzaui, Makueni ya leo. Scott alifariki Desemba 1896, kabla kituo hakijakomaa. Barua za Nzaui zilichapishwa Philadelphia katika gazeti la misheni, zikasomwa na watu waliokuwa wakichanga fedha. Hapo ndipo penye tatizo la maandishi ya aina hii: anayeandika kwa kumlenga mchangaji huona giza kila anapogeuka, maana giza ndilo linaloleta sadaka. Ila Ernst Brutzer wa misheni ya Leipzig, aliyeketi kuchambua vitenzi vya Kikamba akatoa kitabu cha lugha hiyo mwaka 1906, hakuwa na mchangaji wa kumfurahisha kwa njeo za vitenzi.

Kisha wakaja maofisa wa serikali. Mwaka 1909 baadhi ya watumishi wa serikali, walowezi na mapadri waliokuwa na shauku ya ndege, vipepeo, mawe na mila walianzisha chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, na mwaka 1910 jarida lake likaanza kutoka. Miongoni mwao alikuwa C. W. Hobley, mwanajiolojia aliyeingia nchini mwaka 1890 akiwa na Kampuni ya Imperial British East Africa, kisha akawa mtawala wa Ukamba. Kitabu chake juu ya Wakamba kilichapwa Cambridge mwaka 1910. Kijana Charles Dundas, aliyefanya kazi boma la Kitui, aliandika makala ndefu juu ya historia ya Kitui, ikachapishwa mwaka 1913. Baadaye angejulikana zaidi Moshi kwa kuwapigania Wachaga na kahawa yao, na mwisho kuwa gavana wa Uganda.

Maandishi ya hawa wawili yana faida na yana dosari. Walikaa na wazee, wakauliza juu ya viapo, urithi na mipaka, wakaandika mambo ambayo leo hayana shahidi mwingine. Lakini aliyekuwa akiuliza ndiye pia aliyekuwa akitoza kodi na kuamua kesi. Mzee gani angemweleza yote? Na mara nyingi mzee mwenyewe hana jina. Ni "wazee wasema" tu, kana kwamba Kitui nzima ilizungumza kwa kinywa kimoja. Kivoi tunamjua kwa maneno na tabia zake kwa sababu Krapf alijali kuandika nani alisema. Waliomsomesha Dundas wamepotea.

Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani kati ya 1911 na 1912, alipata njia nyingine ya kujilinda na kasoro hiyo. Kitabu chake kikubwa kilitoka Uppsala mwaka 1916 na kupanuliwa mwaka 1920, lakini kazi yenye utamu ni ile aliyoendelea nayo miaka mingi baadaye akiwa Stockholm: juzuu tatu za fasihi simulizi ya Wakamba, zilizotoka kati ya 1928 na 1935. Ya kwanza ni hadithi za wanyama, ya pili ya mazimwi na maajabu, ya tatu vitendawili, methali na nyimbo. Alichapa Kikamba chenyewe, tafsiri ikifuata. Kwa hiyo Mkamba anayesoma leo anaweza kumkosoa Lindblom mstari kwa mstari. Hobley hakumpa mtu nafasi hiyo.

Lakini Wakamba hawakungoja Mswidi ndipo wawe na kumbukumbu. Thome, ule uwanja wa wazee nje ya lango la boma, moto ukiwaka, palikuwa na hesabu yake ya miaka. Njaa kubwa zilipewa majina. Ile ya 1898 hadi 1900, wakati reli ikipita na ndui ikiua, iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa haikuacha pembe yoyote ya nchi. Ya 1961 ni njaa ya Ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka kwenye ndege. Ya 1984 ni Nikwa Ngwete: mtu anakufa huku amezishika fedha mkononi, dukani hakuna cha kununua. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa alijua ni njaa gani ilimkuta tumboni mwa mamaye. Ripoti ya serikali ya kurasa mia juu ya ukame wa 1984 haimwelezi mtu hali ya sokoni vizuri kuliko maneno hayo mawili.

John Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, upande wa Mulango. Alipata umaarufu duniani kama mwanateolojia, lakini alianza na ngano. *Mutunga na Ngewa Yake*, kitabu chake cha Kikamba, kilitoka mwaka 1954 alipokuwa bado kijana, na mkusanyo wake wa hadithi za Wakamba ukachapishwa na Oxford mwaka 1966. Hayo yalikuwa mapenzi, siyo ajira. Na mapenzi hayo yalimfuata hadi uzeeni: akiwa mchungaji mstaafu Uswisi alitafsiri Agano Jipya lote kutoka Kigiriki hadi Kikamba, peke yake, likachapishwa mwaka 2014. Alifariki mwaka 2019.

Kitabu chake kilichozua mabishano zaidi ni kile cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika wa jadi hana wakati ujao wa mbali. Ana sasa na zamani tu, maneno aliyoyaazima kwa Kiswahili. Ushahidi wake aliuweka wazi: jedwali la njeo za vitenzi vya Kikamba, pamoja na kipimo cha kila moja, toka miezi michache ijayo mpaka zama za kale. Wengi walimpinga. Kwame Gyekye wa Ghana, mwaka 1987, alionyesha kwamba lugha ya Akan ina wakati ujao usio na mpaka. Wengine waliuliza kwa nini mtu asiye na kesho ya mbali aweke wosia. Dai lenyewe, kwa kutoka lugha moja hadi bara zima, lilivuka mipaka, na waliolipinga walikuwa na haki. Hata hivyo jedwali lile halikukosa thamani kwa kushindwa hoja. Mtu wa Mwingi au Wote anaweza kulifungua leo, akajipima kwa Kikamba cha bibi yake, akasema hapa Mbiti amepatia, hapa amekosea.

Kutoka Kilungu, Makueni, alitokea mtu wa namna nyingine kabisa. David Maillu, aliyezaliwa mwaka 1939, hakungoja mchapishaji amkubali. Mwaka 1972 alianzisha Comb Books jijini Nairobi, akaanza kutoa vijitabu vya bei nafuu kuhusu mambo ambayo makarani, makatibu muhtasi na walevi wa jiji walikuwa wakiyazungumza kila siku bila kuyaona popote kitabuni: mshahara unaoisha katikati ya mwezi, bosi anayemshika mfanyakazi baada ya saa kumi na nusu, chupa inayogeuka rafiki. *My Dear Bottle* na *After 4.30* viliuzwa kwa kasi. Maprofesa walikunja nyuso, na mwaka 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake. Walakini wasomaji waliokuwa hawajawahi kununua riwaya walinunua yake, kwa kuwa ofisi ile waliijua na baa ile waliijua.

Mwaka 1991 Maillu aligeukia nyumbani. *Broken Drum* ni riwaya inayorudi nyuma kwenye historia ya Wakamba, nene kupita chochote alichokuwa amekiandika. Wasomaji waliozoea vitabu vyake vya mfukoni safari hii walihitaji meza.