Hesabu na Tuta la Jaruba

Kwa mkulima wa mpunga wa Nyasubi, pale Kahama, hesabu na ardhi ni jambo moja. Hupima jaruba, kisha hugawa mavuno. Ndivyo ilivyokuwa Misri ya kale pia. Yapata mwaka 1550 K.K., karani aitwaye Ahmose alinakili maswali ya hesabu kwenye karatasi ya mafunjo, ambayo Mskoti Alexander Rhind aliinunua Luxor mwaka 1858. Mna swali la kugawa mikate 100 kwa watu 5, mafungu yakizidiana kwa kiasi kilekile. Mna pia maswali ya ukubwa wa mashamba. Yote yamo katika kitabu kimoja.

Sisi tuliyatenga. Kwa miaka mingi sekondari zetu zilifundisha jiometri Kidato cha Kwanza, na mfuatano wa namba Kidato cha Tatu. Kijana huzifaulu mada zote mbili, kisha hukwama katika mashindano akiulizwa hivi: umbo lisilobonyea popote lina pembe za ndani zinazoanzia nyuzi 120, kila moja ikiizidi iliyotangulia kwa nyuzi 5. Lina pande ngapi?

Kanuni ya jiometri ni hii: toa 2 katika idadi ya pande, kisha zidisha kwa 180, hiyo ndiyo jumla ya pembe za ndani. Ukiilinganisha na jumla ya mfuatano, unapata majibu mawili, 9 na 16. Pande 9 zinatoa nyuzi 1,260 kwa njia zote mbili. Pande 16 zinatoa 2,520, vilevile kwa njia zote mbili. Namba hazina ugomvi na lolote. Nani aamue?

Tushuke jarubani, tutembee juu ya tuta la umbo hilo. Kona ya kwanza tunageuka nyuzi 60, ya pili 55, ya tatu 50, mpaka ya tisa nyuzi 20. Jumla ni 360: tumemaliza mzunguko. Katika umbo la pande 16, pembe ya kumi na tatu ingekuwa nyuzi 180, yaani si kona tena, na zinazofuata zingebonyea ndani. Jibu ni 9.

Mwenye mfuatano peke yake hubaki na majibu mawili asijue la kuchagua. Mtoto aliyekulia matutani anao ushahidi miguuni mwake. Ni wajibu wa mwalimu kumwambia kuwa hiyo nayo ni hisabati.