Uchaga na Dola: Nani Alimaliza Akiba ya Masasi na Newala?

Miezi michache iliyopita nilikuwa Mkomaindo, Masasi, kumjulia hali mzee wa ukoo wetu. Jioni moja nilihudhuria mkutano wa hadhara ambamo kijana mmoja, mtumishi wa umma, alikuwa akiwaelimisha wananchi juu ya akiba ya chakula katika kaya. Alizungumza kwa adabu na kwa takwimu. Alisema kwamba familia nyingi humwaga viporo, huuza mavuno yote mara baada ya kuvuna, kisha huomba msaada ifikapo Januari. Alipomaliza, bibi mmoja aliyekaa mkekani alinyoosha mkono. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, kisha akasema: "Mwanangu, kuweka akiba tunakujua tangu hujazaliwa. Tufundishe namna ya kuilinda isichukuliwe."

Watu walicheka, mkutano ukaendelea. Mimi sikucheka. Katika sentensi moja bibi yule alikuwa ameuliza swali ambalo sisi wanahistoria tumelizunguka kwa miaka mingi. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

Tuanze na lile analolijua. Katika nyumba niliyokulia, hakuna chakula kilichokuwa na maisha ya siku moja. Ugali uliobaki usiku ulibanikwa asubuhi juu ya makaa, ukaliwa kwa chai au kwa mboga iliyolala. Ukoko ulilowekwa, ukawa chakula cha wadogo. Pumba zilikwenda kwa kuku. Msimu wa korosho, mabibo yaliyosalia baada ya kunywewa maji yake yalianikwa juani mpaka yakawa kochoko. Kuna wanaoyajua kochoko kwa pombe tu. Wazee wetu waliyajua pia kama kitu cha kutafuna wakati ghala limekauka. Mbegu zilihifadhiwa ndani ya kibuyu pamoja na majivu. Mahindi na mtama wa mbegu vilitundikwa kwenye uchaga juu ya mafiga, ili moshi wa kila siku uwafukuze wadudu.

Juu ya vyote hivyo kulikuwa na makopa, yaani muhogo uliomenywa na kuanikwa kwa siku nyingi hadi ukakauka kabisa, ukawekwa, na kutwangwa kidogo kidogo kwa mahitaji ya siku. Muhogo mchungu ulipendwa kwa sababu nzuri: huvumilia ardhi iliyochoka, na nguruwe pori, nyani na wezi huuogopa. Shamba lenyewe lilikuwa ghala, kwani mizizi yake huweza kukaa ardhini mwaka na zaidi ikimsubiri mwenyewe.

Haya hayakuwa mambo ya jiko peke yake. Nchi hii ilijengwa na hofu. Watu wa Newala waliishi juu ya uwanda wa Makonde, mahali pasipo na mito wala chemchemi, ambako wanawake waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, kwa sababu kiu ilikuwa nafuu kuliko mateka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1882, Magwangwara walikivamia, wakaua, wakachukua mateka na kuteketeza. Chauncy Maples, aliyekuwa akiongoza misheni hiyo, akahamishia kazi yake Newala, juu ya uwanda. Katika nchi kama hiyo, chakula kinachokaa ni kama ngao. Mwenye makopa yaliyofichwa msituni angeweza kukimbia leo na kurudi kesho akaishi.

Adui wa kwanza kulielewa jambo hili kwa ukamilifu, na kulitumia kama silaha, alikuwa dola. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905, kusini kote kuliwaka; misheni ya Masasi nayo ilichomwa. Serikali ya Kijerumani iligundua upesi kwamba kuwafukuza wapiganaji porini hakuna mwisho. Mwezi Oktoba mwaka huo Kapteni Wangenheim aliandika kwamba operesheni za kijeshi peke yake zingekuwa kama tone baharini, na kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Likatendeka hilo. Mashamba yalifyekwa, maghala yalichomwa, mbegu zilichukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000; mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kwa hesabu yoyote ile, wengi wao waliuawa na njaa, si na risasi.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Kwa kawaida tunasimuliwa Maji Maji kama habari ya dawa na bunduki. Ukiitazama kutoka jikoni, ni habari ya uchaga. Dola iliutazama uchaga wa mwanamke wa kusini, ikaelewa kwamba hapo ndipo uhuru wake ulipo, ikauchoma.

Mwaka 1906, majivu yakiwa bado moto, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule wa Leipzig alipita Masasi na kukaa Newala akichunguza maisha ya watu. Alisifu ustadi wa wakulima aliowaona, na kitabu alichokitoa mwaka 1908 ni hazina kwetu. Lakini mwanafunzi anayekisoma asisahau kwamba dola iliyomlipia safari ndiyo iliyokuwa imetoka kuteketeza maghala ya wakulima hao.

Muongo mmoja haukupita sawasawa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi mawili ya kigeni yalikula nchi hii kwa zamu. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa mwezi Oktoba 1917, von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kupitia uwanda wa Makonde, akavuka Ruvuma tarehe 25 Novemba. Jeshi lisilo na njia ya kuletewa chakula hula chakula cha wenyeji. Na jeshi linalolifukuza huhitaji wapagazi, yaani mikono ile ile ambayo ingelima. Waliobaki nyumbani walikutwa na homa kuu ya mafua ya 1918 wakiwa na matumbo matupu.

Uingereza ilipochukua nchi ilikuja na lugha ya upole zaidi. Kupitia serikali za wenyeji, kaya ziliamriwa kulima muhogo kama zao la kinga ya njaa. Ni ajabu ya kikoloni: mwanamke aliyekuwa akifanya jambo hilo kwa hiari na kwa maarifa yake, sasa alilifanya kwa amri na kwa kutishiwa faini, huku mumewe akitafuta kodi katika mashamba ya mkonge. Kisha, kati ya 1947 na 1951, serikali hiyo hiyo iliyomfundisha mkulima kutofuja ikamwaga fedha katika mradi wa karanga, ambao Nachingwea, jirani yetu, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu. Hasara ilifika takriban pauni milioni 36. Hakuna kumbukumbu kwamba waliohusika walihudhuria semina ya matumizi ya viporo.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, lakini si yote. Operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 iliwaleta watu karibu na shule, zahanati na maji, na sitaki kuwa miongoni mwa wanaozikejeli nia zake. Lakini iliwatenga wengi na mashamba yao ya zamani, na muhogo uliosubiri ardhini ukabaki mbali na mwenyewe. Mikorosho nayo ikaachwa porini. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulianguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, kwa sababu ya uhamisho huo, bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga. Wakati huo huo dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora, alienea nchini. Mdudu huyu hachagui. Hutoboa mahindi na makopa vilevile, na moshi wa bibi haukumtosha.

Hivyo tunafika mwaka 1988, ambao kwangu si historia ya kusoma. Ulikuwa mwaka wa ukame. Muhogo ukikosa mvua huzidi uchungu, maana sumu yake ya asili huongezeka. Ghala lilikuwa tupu na mizizi ilikuwa shambani, lakini makopa huhitaji siku nyingi za jua, na mtoto mwenye njaa hana siku nyingi. Watu wakatumia njia ya mkato iitwayo chinyanya: muhogo hutwangwa, huanikwa, hutwangwa tena, huanikwa tena, na ndani ya siku moja hivi unga unapatikana. Unga huo ulibaki na sumu. Wilayani Masasi familia zilianza kuugua saa chache baada ya kula: kizunguzungu, kutapika, kuishiwa nguvu. Nakumbuka jirani yetu akipita mbio na mtoto mgongoni, na mama yangu akinyanyua chungu chetu kutoka mekoni, akakimwaga chote nje. Ndiyo siku pekee katika utoto wangu nilipomwona mama akimwaga chakula. Tulilala bila kula, naye alikaa kizingitini hadi usiku wa manane bila kusema neno.

Watafiti wa Tanzania, akiwamo Nicholas Mlingi, walilichunguza tukio hilo na kuonesha kiini chake: njia ya mkato ya kusindika, iliyosukumwa na upungufu wa chakula. Tafakari maana yake. Maarifa yalikuwepo. Kila mama alijua kwamba muhogo mchungu hauharakishwi. Kilichokosekana ni muda, na muda huo ndio akiba yenyewe. Makopa ya mwaka jana ndiyo yanayokununulia siku za kuyasubiri makopa ya mwaka huu. Anayekosa ya jana hulazimika kula sumu ya leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulikumbwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na bila kupona, unaowapata hasa watoto na wanawake wanaokula muhogo mchungu usiosindikwa vizuri, tena bila protini ya kutosha. Ndiyo maana kunde, mbaazi na njugu mawe katika sufuria la maskini si anasa. Ipo pia njia rahisi ambayo kila ofisa ugani angepaswa kuijua: unga wa muhogo huloweshwa kwa maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke hewani, ndipo usongwe ugali siku hiyo hiyo. Haihitaji mashine wala mkopo.

Nirudi sasa kwa bibi wa Mkomaindo. Leo hakuna jeshi linalochoma uchaga wake. Nani basi anauchukua? Tazama kalenda. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, minada inapoanza mwezi Oktoba na kuendelea. Kaya yenye makopa na mbaazi ndani huweza kusubiri mnada na malipo yake. Kaya yenye uchaga mtupu humwendea mnunuzi wa kangomba miezi kadhaa kabla, ikauza korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ya kutupa, ili ipate unga. Mwaka 2018 bei ilipogombaniwa, na Rais Magufuli akaliagiza jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yalichelewa kwa miezi. Walioweza kustahimili walikuwa wenye chakula ndani. Tangu enzi za Magwangwara kanuni haijabadilika: mwenye akiba anaweza kukataa, asiye nayo anakubali chochote.

Kwa hiyo simlaumu yule kijana. Alichosema ni kweli kwa kiasi chake. Viporo vitunzwe, mifuko isiyopitisha hewa itumike, mavuno yasiuzwe yote. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini taifa lenye Wakala wa Hifadhi ya Chakula tangu 2008, linalokubali kwamba dola haiwezi kuishi bila ghala, halina sababu ya kulichukulia ghala la mwanamke wa Newala kama suala la tabia njema tu. Linahitaji malipo ya korosho yanayofika kwa wakati. Linahitaji mkopo mdogo wa miezi ya njaa utakaomwondoa mkulima mikononi mwa kangomba, na ofisa ugani anayejua tofauti ya makopa na chinyanya. Zaidi ya yote linahitaji mtumishi wa umma ambaye, kabla ya kumuuliza bibi kwa nini uchaga wake ni mtupu, amejiuliza mara ngapi, na kwa mkono wa nani, umewahi kumwagwa.

Kwa wanafunzi wangu nina ombi moja. Mkirudi nyumbani likizo hii, kaeni jikoni na bibi zenu. Waulizeni waliweka nini, wapi, na nani alikuja kukichukua. Andikeni majina ya miaka ya njaa kama wanavyoyataja wao. Nyaraka za Berlin na London zinaeleza maghala yalivyochomwa. Namna yalivyojazwa tena inajulikana na hao bibi, nao wanapungua kila mwaka.