Chumba cha Wanaume Kumi na Wawili: Tamthilia ya Runinga ya 1954 na Suala la Anayehukumu

Usiku wa Jumatatu, tarehe 20 Septemba 1954, shirika la utangazaji la CBS nchini Marekani lilipeperusha moja kwa moja kutoka New York tamthilia ya takriban dakika hamsini iitwayo Twelve Angry Men, yaani wanaume kumi na wawili wenye hasira. Ilikuwa sehemu ya mfululizo wa Studio One, uliowapa watazamaji mchezo mpya kila wiki. Walimu wengi wanakifahamu kisa hiki kupitia filamu ya 1957 iliyoongozwa na Sidney Lumet, na baadhi yao huidhani filamu hiyo kuwa ndiyo chimbuko. Sivyo. Filamu ni mtoto wa runinga, na makala haya yanamrejelea mzazi.

Mwandishi, Reginald Rose, aliitwa mapema mwaka huo kuhudumu katika baraza la waamuzi kwenye kesi ya kuua bila kukusudia. Katika utaratibu wa Marekani, raia kumi na wawili wa kawaida husikiliza ushahidi, kisha hufungiwa chumbani hadi wakubaliane kwa kauli moja. Rose na wenzake walibishana kwa saa nane. Akatambua jambo ambalo watunzi wa tamthilia za mahakamani walikuwa wamelipita: kwamba mgogoro mkali zaidi hauko kizimbani bali nyuma ya mlango ambao umma hauruhusiwi kuupita. Sisi tuliokuzwa na Vioja Mahakamani tumezoea hakimu, kiongozi wa mashtaka na mshtakiwa mwenye visingizio vya kuchekesha. Rose aliwaondoa wote jukwaani.

Mandhari ni chumba kimoja. Wahusika hawana majina, wana nambari tu. Mshtakiwa, kijana wa mtaa duni anayedaiwa kumuua babake kwa kisu, hapewi neno la kusema. Kura ya kwanza inapopigwa, kumi na mmoja wanasema ana hatia. Nambari Nane peke yake anakataa, na hata yeye hasemi kwamba kijana hakuua. Anasema hana hakika.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza. Wakiulizwa dhamira ya mchezo, huandika kwamba Nambari Nane anathibitisha kuwa kijana hana hatia. Hathibitishi lolote! Anatoa mfukoni kisu kilicho sawa na kile cha ushahidi, kumbe kisu hicho hakikuwa cha pekee. Mwanamke aliyedai kuona mauaji kupitia madirisha ya treni inayopita huenda hakuwa amevaa miwani yake. Kila tukio linazaa shaka, na sheria inamtaka mwamuzi aachilie pale penye shaka ya haki. Mchezo unakwisha bila mtazamaji kujua nani alimuua mzee yule, na kinaya hicho ndicho uti wa mgongo wa ploti.

Tukio la shahidi mzee linastahili kusomwa polepole darasani. Alidai kwamba alitoka kitandani akafika mlangoni kwa sekunde kumi na tano, akamwona kijana akikimbia. Lakini mzee huyo huburuta mguu. Nambari Nane anapima hatua chumbani, anaburuta mguu kama yeye, na saa inaonyesha muda uliozidi mara mbili ya ule uliotajwa. Ikumbukwe kwamba huu ulikuwa mchezo wa moja kwa moja: hapakuwa na mhariri wa kufupisha mwendo wala nafasi ya kurudia. Hoja ya kisheria ikawa tendo la jukwaani, na taharuki ikatokana na hesabu tu.

Kwa maoni yangu, Nambari Nane wa runinga anamzidi yule wa filamu. Henry Fonda ametulia mno. Tangu mwanzo tunajua atashinda. Robert Cummings, aliyefahamika zaidi kwa vichekesho, anaonekana kusitasita, kama mtu anayeogopa wenzake lakini anaiogopa zaidi dhamiri yake. Yeye, Rose na mwelekezi Franklin Schaffner walituzwa Emmy. (Katikati ya mjadala huu wa kifo na uhai, mdhamini, kampuni ya Westinghouse, alikuwa na nafasi yake ya kunadi majokofu!)

Hata hivyo, mchezo una kimya chake. Nambari Kumi anawatukana "watu wa aina hiyo" bila mtunzi kutaja ni watu gani. Miezi michache kabla, Rose alikuwa ameandika mchezo mwingine wa Studio One kuhusu familia ya Weusi inayofukuzwa mtaani; alilazimishwa kumgeuza mhusika huyo kuwa mfungwa aliyeachiliwa, kwa hofu ya kuwaudhi watazamaji wa majimbo ya kusini. Sidhani kimya cha Nambari Kumi ni cha bahati. Aidha, kumi na wawili wote ni wanaume Weupe, na mchezo hauulizi kwa nini.

Nchini Kenya swali hilo lilikuwa la kufa na kupona. Chini ya ukoloni, Mzungu aliyekabiliwa na shtaka zito alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika alifikishwa mbele ya jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Dedan Kimathi alishtakiwa hivyo Nyeri mnamo Novemba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957, wiki chache kabla ya filamu ya Lumet kuanza kuonyeshwa. Katika chumba kile hapangeweza kuwa na Nambari Nane: hata mzee mmoja angekataa, kukataa kwake kusingezuia hukumu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoiandika tamthilia yao ya 1976, ambayo Raphael Kahaso aliitafsiri kuwa Mzalendo Kimathi, hawakujaribu kunakili kumbukumbu za mahakama. Walijua zimeandikwa na nani. Utaratibu wa wazee wa baraza katika kesi za jinai ulifutwa nchini mwaka 2007.

Kanda ya mchezo wa 1954 nayo ilikaribia kupotea. Kwa miaka mingi ilijulikana nusu ya kwanza tu. Mwaka 2003 nakala kamili ilipatikana miongoni mwa mali aliyoacha Samuel Leibowitz, wakili wa New York aliyewatetea vijana Weusi wa Scottsboro katika miaka ya 1930. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1935 akaonyesha kwamba Weusi wa Alabama walikuwa wakitengwa katika mabaraza ya waamuzi, na mahakama ikabatilisha hukumu ya mteja wake kwa sababu hiyo.