Ufuatiliaji wa Mahali: Nani Anamfuata Nani?

Kitenzi kufuatilia hakikai peke yake. Ukikitaja, msikilizaji anasubiri wawili: mwenye kufuatilia na anayefuatiliwa. Polisi hufuatilia mtuhumiwa, mzazi hufuatilia maendeleo ya mwanawe shuleni, mstaafu hufuatilia mafao yake ofisi hadi ofisi. Hivyo ninapokuta "ufuatiliaji wa mahali" ndiyo istilahi tunayopewa kwa kazi inayofanywa na saa ya mazoezi kwenye mkono wa mkimbiaji, nauliza: anayefuatilia ni nani? Na mahali, ambapo hapaondoki pale palipo, panafuatiliwaje?

Sitaki neno hili litupwe. Limeshazoeleka, na kuna pahala pake halisi, kama nitakavyoonyesha. Ninachodai ni kwamba limebebeshwa kazi tatu zisizofanana, na mtu anayebonyeza "ruhusu" kwenye skrini ya saa anastahili kujua ameruhusu ipi. Kuhusu kifaa chenyewe sina ugomvi: wengine husema saa janja, wengine saa ya mazoezi, na ile nyembamba isiyo na skrini kubwa huitwa bangili ya mazoezi. Yote yanaeleweka.

Kazi ya kwanza ni saa kujua ilipo. Hapa imani iliyoenea ni kwamba setilaiti huko juu inakuona na kukuandama. Haikuoni. GPS ni mfumo wa Marekani wa setilaiti za kutambulia mahali. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Umesanifiwa uwe na setilaiti zisizopungua 24, zikizunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja hubeba saa za atomu, na kazi yake ni kutangaza mambo mawili bila kukoma: sasa ni saa ngapi, na mimi niko wapi angani. Ni kama redio: msomaji wa taarifa ya habari hajui ni nani anamsikiliza, wala yuko jikoni au shambani.

Hesabu yote inafanyika mkononi mwako. Mawimbi kutoka setilaiti huchukua takriban sehemu saba za mia za sekunde kufika. Saa hulinganisha wakati uliotangazwa na wakati yalipopokewa, tofauti inageuzwa kuwa umbali, na umbali kutoka setilaiti kadhaa hukutana kwenye nukta moja. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya mkononi ingekuwa sahihi kama zile za angani. Haiko hivyo, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300 ardhini. Ndiyo maana inahitajika setilaiti ya nne, ili saa ya mkononi irekebishe wakati wake yenyewe. Siku hizi saa nyingi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Katika shughuli yote hiyo hakuna hata neno moja linalotoka mkononi kwenda angani.

Hili halikuwezekana kwa mkimbiaji wa kawaida tangu mwanzo. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yanayotolewa kwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Nani angepima mzunguko wa uwanja kwa chombo kinachokosea kwa urefu wa uwanja? Uvurugaji ulipokoma, mlango ulifunguka. Kufikia mwaka 2003 kampuni ya Garmin ilikuwa imeuza saa zake za kwanza za Forerunner kwa wakimbiaji.

Kwa kazi hii neno linalofaa ni utambuzi wa mahali. Saa inatambua, haifuatilii. Na kuna vifaa ambavyo hata kutambua havitambui. Bangili nyingi za bei nafuu hazina kipokezi chake cha setilaiti, zinaazima mahali kutoka kwenye simu iliyo mfukoni. Ukiiacha simu nyumbani, bangili hukadiria tu umbali kwa kuhesabu hatua. Hatua zenyewe huhesabiwa na kihisi kidogo kinachopima mtikisiko wa mkono, na kihisi hicho hakijui kama uko Mwanza au Muscat. Mnunuzi anayesoma "GPS" kwenye boksi na aulize ni GPS ya nani, ya bangili au ya simu.

Sasa neno mahali. Hapa Kiswahili kimetutangulia, na nashangaa watafsiri wa programu hawakitumii. Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu, na kila kimoja kina kazi yake: PA kwa mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole, KU kwa upande au eneo lisilo na mipaka ya wazi, MU kwa ndani. Mtu yuko Kariakoo. Ukikaribia unamwona, yupo pale kwenye kona. Akiingia dukani, yumo. Katika mazungumzo ya kila siku tunazichanganya, ni kweli, lakini mwenye lugha anazisikia.

Tazama jinsi vifaa hivi vinavyogawanyika kwa mstari huohuo. Chini ya anga wazi, ufukweni Coco jijini Dar es Salaam au kwenye njia za udongo mwekundu za Iten nchini Kenya, setilaiti humpa mkimbiaji PA: mita chache huku au huku. Mnara wa simu ukitumika peke yake humpa KU: eneo fulani la mji, na kijijini ambako minara imetawanyika, kilomita kadhaa. MU ndipo saa inaposhindwa. Mawimbi yanayofika kutoka juu ni dhaifu mno, zege na mabati huyazuia, na mtu aliye ndani ya jengo huonekana anarukaruka nje yake au amepotea kabisa. Hata nje, katikati ya maghorofa ya Posta jijini Dar es Salaam au Upper Hill jijini Nairobi, mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika, safari yake inarefuka, na saa inaamini setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Matokeo yake ni ule mstari kwenye ramani unaopita katikati ya benki kana kwamba ulikimbia ukutani.

Tofauti ya PA na KU si ya sarufi tu. Simu za iPhone tangu 2020, na za Android tangu toleo la 12 la mwaka 2021, humwezesha mwenye simu kuipa programu mahali kamili au makadirio tu ya eneo. Watafsiri wamehangaika hapo na virai virefu. Ningeandika hivi: "Programu hii ijue ulipo, au uliko tu?" Silabi moja imebadilika na ridhaa nzima imebadilika nayo. Programu ya hali ya hewa inatosheka na uliko. Ya kupima mbio inahitaji ulipo. Ya tochi haihitaji chochote.

Kazi ya pili ndiyo yenye hatari kubwa kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kutunza. Saa huandika nukta baada ya nukta, mara nyingi kila sekunde, na kila nukta ina saa na tarehe yake. Nukta zikiunganishwa zinakuwa njia. Jambo hili naliita kumbukumbu ya njia. Nukta moja husema machache juu yako. Kumbukumbu ya miezi mitatu inaeleza unapolala, siku unazosafiri, na ni lini nyumba huwa tupu.

Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia iliyotengenezwa kwa mazoezi zaidi ya bilioni moja ya watumiaji wake. Haikuwa na jina la mtu. Palipokimbiwa sana paling'aa, pasipokimbiwa pakabaki giza. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, alieleza hadharani jambo ambalo wakubwa hawakuliona: katika majangwa ya Syria na Afghanistan, ambako wenyeji hawavai saa hizo, mizunguko midogo ilikuwa iking'aa peke yake gizani. Walikuwa askari wa kigeni wakikimbia ndani ya kambi zao. Mwezi Agosti mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikapiga marufuku matumizi ya huduma za mahali kwenye vifaa vya aina hii katika maeneo ya operesheni.

Mkasa huu ndio unaonifanya nisikubali istilahi moja kwa kazi zote. Hakuna askari aliyefuatiliwa. Hakuna aliyekaa mbele ya skrini akimwandama fulani. Kumbukumbu zilitunzwa, zikajumlishwa, zikasomwa baadaye na mtu ambaye hakuwahi kumfahamu mkimbiaji hata mmoja. Aliyeambiwa ajihadhari na ufuatiliaji atatazama nyuma yake, aone hakuna mtu, atulie. Hatari ilikuwa ghalani.

Hata kinga zinazotolewa zinahitaji kueleweka kwa jicho hilo. Programu nyingi hukuruhusu kuficha nyumba yako kwa duara: mstari wa mbio unakatwa unapoingia ndani yake. Lakini kama kitovu cha duara ni mlango wako, na wewe hutoka leo kwa njia ya sokoni, kesho ya shuleni, keshokutwa ya mtoni, mistari yako itakatika kwenye nukta tatu za ukingo. Mwanafunzi wa sekondari anajua nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja zinatosha kuchora duara na kupata kitovu chake. Baadhi ya programu sasa hukisogeza kitovu ili kuvunja hesabu hiyo. Kagua yako kama inafanya hivyo, na kama haifanyi, anza kurekodi ukishafika barabarani.

Ndipo tunafika kwenye kazi ya tatu, ambayo peke yake inastahili jina ufuatiliaji. Tanzania ina mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya mikoani, chini ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini: basi lina kifaa, ofisini kuna anayetazama mwendo kasi, na dereva anajua anatazamwa. Hapo kuna mfuatiliaji na mfuatiliwa, na neno limekaa sawasawa. Samburu, Kenya, shirika la Save the Elephants, lililoanzishwa mwaka 1993, hufunga kola shingoni mwa tembo na kupokea mienendo yao. Huo nao ni ufuatiliaji, na mfuatiliwa hakuulizwa. Saa ya mkimbiaji inaingia kundi hili pale tu inapotuma mahali alipo kwa mtu mwingine wakati huohuo: kwa dada yake anayesubiri nyumbani wakati yeye anakimbia kabla ya mapambazuko, au kwa mume mwenye wivu aliyeiunganisha saa na simu yake bila mwenyewe kujua. Kiufundi ni jambo lilelile. Kwa hiyo neno libaki na ukali wake wote, lisilainishwe kwa kupakwa kwenye kila kitu.

Sheria zetu zinalihitaji hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inapataja mahali miongoni mwa mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, na inataka ridhaa ya wazi, mahususi, ya mtu aliyeelewa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Ridhaa ya kueleweka haipatikani kwa istilahi inayomwambia mtu kitu kimoja wakati anaulizwa vitatu.

Skrini ya saa ni ndogo, lakini inatosha kwa maswali ya Kiswahili cha kawaida. Saa itambue ulipo? Itunze njia uliyopita, na kwa muda gani? Nani akufuatilie, na mpaka saa ngapi? La mwisho lisikubali kujibiwa bila jina la mtu na saa ya kukoma.