Kuchacha, Kuchachuka na Kubebesha: Historia ya Utafiti wa Zabibu na Divai kwa Jicho la Istilahi

Katika kazi ya kuunda istilahi, neno geni kabisa huwa halina taabu kubwa. Huchukuliwa, hutoholewa, hupewa fasili yake, na shughuli ikaisha. Taabu huanza pale ambapo Kiswahili kina neno lake tayari, neno zuri lililozoeleka na wote, lakini ndani yake mmefungwa mambo mawili au matatu ambayo sayansi imekwisha kuyatenganisha. Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo hilo kwa kufuata historia ya utafiti wa kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai. Wapo watakaouliza kwa nini istilahi za kileo zishughulikiwe hata kidogo. Jawabu letu ni fupi: mkulima wa Dodoma anaishi kwa zabibu, na maelezo yanayomfikia mara nyingi ni tafsiri. Tafsiri ikiwa na utata, hasara ni yake.

Tuanze na tunda lenyewe. Katika Kiarabu, ambako neno letu limetoka, *zabibu* ni tunda lililokwisha kukaushwa. Lililo bichi lina jina jingine kabisa. Huenda watu wa pwani walilijua tunda hili kwanza likiwa kavu, limefungwa katika bidhaa za majahazi, na jina lake likabaki hata tunda bichi lilipokuja baadaye. Matokeo yake ni kwamba leo mwandishi hulazimika kusema ‘zabibu kavu’ ili aeleweke, jambo ambalo kwa asili ya neno ni sawa na kusema ‘maji ya majimaji’. Hapa hatuoni haja ya kurekebisha chochote. Matumizi yamekwisha kushinda, na mtu hapotezi shamba lake kwa sababu hiyo.

Mambo ni tofauti tukifika kwenye kitenzi *chacha*. Wali uliolala umechacha, tui limechacha, togwa lililokaa siku nyingi limechacha. Neno hili hueleza ladha, nalo hueleza hasara. Lakini kutokana na mzizi huohuo tunapata *chachu*, ambayo mwokaji mikate na mpika pombe huitia kwa makusudi akitaka faida. Watu wa pwani hawakukosa kuziona hatua hizi. Mgema alitofautisha tembo tamu lililoteremshwa asubuhi, tembo kali la baadaye, na siki, ambayo ndiyo mwisho wa tembo lililoachwa. Hatua tatu zilikuwa na majina matatu. Kilichokosekana ni jina la kinachotokea kati ya hatua moja na nyingine, na hilo ndilo wanasayansi wa Ulaya nao walilokosa kwa muda mrefu.

Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwamba sukari iliyomo katika maji ya zabibu hugawanyika ikawa alkoholi na kaboni dayoksaidi. Jean-Antoine Chaptal, mwanakemia aliyekuwa pia waziri chini ya Napoleon, aliandika mnamo 1801 kuhusu ufundi wa divai, na ushauri wake wa kuongeza sukari pale zabibu zinapokosa kuiva vizuri ukaenea hata ukapewa jina lake. Kwa hiyo ilijulikana kinachoingia na kinachotoka. Ni nani au ni nini kinachofanya kazi katikati, halikujulikana.

Mnamo 1837 watafiti watatu, Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa pamoja na Theodor Schwann na Friedrich Kützing wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walidai kwamba hamira ni kitu chenye uhai. Wanakemia wakubwa wa wakati huo hawakupendezwa. Mwaka 1839 jarida lililohaririwa na Justus von Liebig na wenzake lilichapisha makala ya kejeli yasiyo na jina la mwandishi, yakieleza hamira kama vinyama vinavyomeza sukari na kutoa alkoholi upande wa nyuma. Kejeli ile ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko nadharia iliyotaka kuitetea.

Ndipo akaja Louis Pasteur. Mwaka 1856, akiwa profesa katika mji wa Lille, aliombwa msaada na mwenye kiwanda kilichotengeneza alkoholi kwa viazisukari, ambacho baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Utafiti wa miaka ile ulimfikisha kwenye hoja ambayo kwa mtaalamu wa istilahi ni ya thamani kubwa. Mwaka 1857 alitoa maelezo kuhusu asidi ya laktiki, ile inayotia ukali katika maziwa, akasema kwamba nayo hutokana na kiumbe chake chenyewe, kisicho hamira ya pombe. Kwa maneno mengine, kugeuka kuwa kileo ni kazi ya kiumbe mmoja, na kuwa chachu kama maziwa ni kazi ya kiumbe mwingine. Mambo mawili yaliyoitwa kwa jina moja yalikuwa na watendaji wawili.

Mwaka 1863 Mfalme Napoleon wa Tatu alimtaka Pasteur achunguze maradhi ya divai, kwa kuwa divai ya Ufaransa ilikuwa ikiharibika njiani na kuitia hasara biashara ya nchi. Pasteur alikwenda Arbois, mji wa utotoni mwake, akaweka hadubini yake karibu na mapipa. Kitabu chake juu ya divai kilitoka mwaka 1866. Humo alionyesha kwamba divai iliyogeuka siki, iliyoingia uchungu na iliyokuwa nzito kama mafuta, kila moja ilikuwa na vijiumbe vyake vinavyoonekana. Dawa aliyopendekeza ilikuwa kuipasha divai joto la kiasi cha nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi, pasipo kuichemsha. Njia hiyo imevuma zaidi katika maziwa kuliko katika divai, lakini ilianzia kwenye divai.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapa ndipo tatizo letu linapokwisha: tuseme *kuchachuka* kwa kazi njema ya hamira, na *kuchacha* kwa uharibifu wa bakteria. Mgawanyo huu unavutia, na wafasiri wengi wameufuata bila kuutangaza. Sisi hatuukubali, na sababu yetu imo katika sehemu inayofuata ya historia hii.

Mnamo 1913 Hermann Müller-Thurgau, Mswisi, pamoja na mwenzake Osterwalder, walieleza bakteria ambao huingia katika divai baada ya hamira kumaliza kazi, wakaibadili asidi ya maliki, iliyo kali kama ya tofaa bichi, ikawa asidi ya laktiki iliyo laini zaidi. Hawa ni jamaa ya wale ambao Pasteur aliwahesabu kuwa maadui. Baadaye, huko Bordeaux, Jean Ribéreau-Gayon na Émile Peynaud walithibitisha kwamba katika divai nyekundu iliyo bora badiliko hilo halipaswi kuogopwa. Linatakiwa, mradi lisimamiwe. Kabla ya hapo wakulima walishangaa kuona divai ‘ikiamka’ tena wakati wa joto, wengine wakaona ni maradhi. Peynaud aliwafundisha kulingojea na kulipima.

Basi, kama tungekuwa tumefunga neno *kuchacha* kwa kila kazi ya bakteria, tungelazimika kumwambia mtengenezaji wa divai kwamba divai yake bora lazima kwanza ichache. Hakuna atakayetuelewa. Istilahi iliyojengwa juu ya wema na ubaya huvunjika siku ile utafiti unapogundua kwamba mbaya ana wema wake. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi itaje kinachobadilika na kinachopatikana. *Uchachukaji* liwe neno la jumla; kisha tuseme *uchachukaji wa alkoholi* na *uchachukaji wa laktiki*. Divai inayopata hewa na kuwa siki isiitwe uchachukaji hata kidogo, maana bakteria wake hufanya kazi kwa kutumia hewa, na Kiswahili kina maneno yake kamili: *kugeuka siki*. *Kuchacha* kuachwe jikoni kwenye wali na tui, ambako hakuna anayelitilia shaka.

Wakati Pasteur akiandika juu ya mapipa, balaa lingine lilikuwa limekwisha kuingia mashambani. Tangu mwaka 1863 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa, karibu na mto Rhône, ilinyauka bila sababu iliyoonekana. Mwezi Julai 1868 Jules-Émile Planchon, profesa wa elimu ya mimea wa Montpellier, pamoja na Gaston Bazille na Félix Sahut, walifukua mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai, badala ya ile iliyokwisha kufa, wakaona vidudu vidogo vya manjano vimeing’ang’ania. Uteuzi huo wa mzabibu wa kufukua ndio uliokuwa ugunduzi wenyewe, kwa sababu mdudu huyo huuacha mzizi uliokufa. Ni filoksera, jamaa ya vidukari, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Charles Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, alithibitisha kwamba mdudu wa mizizi ya Ufaransa na yule wa majani ya Amerika ni mmoja. Mavuno ya divai ya Ufaransa, yaliyofika kiasi cha hektolita milioni 84 mwaka 1875, yalishuka hadi kiasi cha milioni 23 mwaka 1889. Serikali iliahidi zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata dawa. Hakuna aliyepewa.

Dawa haikutoka katika chupa. Ilikuwa ni kuchukua kikonyo cha mzabibu wa Ulaya na kukiunga juu ya shina la mzabibu wa Amerika, ambao mizizi yake imeishi na mdudu huyo kwa muda mrefu. Tendo hili tuliiteje? Vitabu vingi vya Kiswahili, na Biblia pia inapozungumza juu ya mzeituni, hutumia *kupandikiza*. Lakini mkulima wa mpunga naye anapandikiza, yaani anang’oa miche kitaluni na kuihamishia jarubani. Mfasiri akiandika ‘pandikiza mizabibu yako’, mkulima ana haki ya kuing’oa na kuihamisha. Mabwana shamba wetu wana neno lililo bora, ambalo limezoeleka katika miembe na michungwa: *kubebesha*. Linaeleza kwa usahihi kinachotendeka, kwamba shina moja linabebeshwa kikonyo cha jingine. Tunalipendekeza, na kutokana nalo tunapata *ubebeshaji*, *kikonyo* kwa kile kinachobebwa, na *shina bebeshwa* kwa lile la chini lenye mizizi.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ndilo lililogharimu fedha nyingi zaidi. Mizizi ya Amerika haimuui filoksera, wala haimfukuzi. Mdudu huuma, na mzizi huziba jeraha kwa tabaka ngumu ukaendelea kuishi. Kuna mizizi inayofanya hivyo vizuri, na kuna inayofanya hivyo kwa shida. Shina bebeshwa liitwalo AXR1 lilizalishwa Ufaransa katika karne ya 19, mzazi wake mmoja akiwa mzabibu wa Amerika na mwingine Aramon, mzabibu wa Ulaya. Lilizaa sana na lilibebeka kwa urahisi, lakini lilishindwa na filoksera huko Sisilia na Afrika Kusini. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walilipendekeza kwa wakulima wa jimbo lao. Kwa miaka mingi mashamba yalistawi. Mapema katika miaka ya 1980 mizabibu ya bonde la Napa ikaanza kudhoofika, na katika miaka ya 1990 maelfu ya ekari yaling’olewa na kupandwa upya.

Katika maelezo ya mbegu yanayotolewa kwetu, maneno *kinzani* na *stahimilivu* hutumiwa kana kwamba ni pacha. Si pacha. *Ukinzani* ni uwezo wa mmea kumzuia adui asistawi juu yake. *Ustahimilivu* ni uwezo wa kuendelea kuzaa hali adui yupo. Mkulima mwenye mmea stahimilivu anapaswa kujua kwamba adui bado yumo shambani mwake na kwamba ana watoto. Tunawaomba walimu wa vyuo vya kilimo wasiyachanganye hata katika mtihani.

Tukirudi Dodoma, kuna mambo ambayo hayawezi kutafsiriwa kwa kufuata kitabu cha Ulaya. Huko mzabibu hulala wakati wa theluji, na mkulima huambiwa apogoe katika majira hayo. Dodoma hakuna usingizi huo. Kupogoa kwenyewe ndiko kunakouanzisha msimu, na kwa sababu hiyo mavuno hupatikana mara mbili kwa mwaka. Mfasiri anayeandika ‘pogoa wakati wa kipupwe’ ametafsiri kalenda na kuuacha ufundi. Aandike kupogoa kwa kuhesabu nyuma kutoka tarehe ya mavuno inayotakiwa.

Liko pia neno *mchuzi wa zabibu*, ambalo halikutoka ofisini mwa mtu yeyote. Limekua miongoni mwa wakulima na wasindikaji wenyewe, na limeingia hata katika mijadala ya kodi. Kwa kawaida hutaja zabibu zilizokamuliwa na kuhifadhiwa kwa wingi kabla ya kufanywa divai ya chupa. Kasoro yake ni kwamba halisemi kama uchachukaji wa alkoholi umekwisha kutokea au la, na kwa afisa wa kodi tofauti hiyo ni kubwa. Tunapendekeza libaki kwa kile kilichokwisha kuchachuka, na kile kilichotoka kukamuliwa kiitwe *maji ya zabibu*. Wasomaji walio Makutupora, Mpunguzi, Hombolo na kwingineko ambao husikia neno jingine likitumika shambani wanaombwa watuandikie kabla orodha haijafungwa, wakitaja neno, mahali linapotumika, na kama ni la mvunaji au la msindikaji.