Vifuu Darasani

Siku ya michezo chekechea tunaichukulia kama sherehe tu: watoto wanarukaruka ndani ya magunia, wanacheza ngoma wamejifunga leso, wazazi wanapiga picha. Lakini Mombasa, miaka ya 1980, mchezo huo ulikuwa suala zito.

Wazazi wengi Waislamu wa Pwani walikuwa njia panda. Mtoto akienda chuoni, yaani madrasa, anapata dini lakini darasa la kwanza anaachwa nyuma. Akienda nasari, anapata ABC, dini na mila zinabaki mlangoni. Viongozi wao wakamwendea Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akapewa kazi ya kutafuta njia ya kuunganisha yote mawili.

Walimu walichukua mbinu ya HighScope kutoka Marekani: mtoto anapanga atakachocheza, anacheza, kisha anasimulia alichofanya. Halafu wakaifanya ya kwao. Hesabu zikafanywa kwa vifuu na vifuniko vya soda, lugha ikaja na hadithi na nyimbo za Kiswahili, na Kurani ikabaki palepale. Walimu wenyewe walikuwa wanawake wa mtaani. Baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda.

Leo PP1 na PP2 ziko chini ya kaunti, na bado kuna mzazi anayeuliza mbona mtoto amerudi na vumbi bila homuweki. Mwambie akusimulie alichocheza. Somo liko hapo.