Mlango wa Kutokea

Mpwa wangu alikuja kunitembelea Temeke siku chache baada ya tarehe 14 Oktoba 2025. Aliniamkia, nikamwitikia, akanywa chai yake, kisha akaketi mbele ya kompyuta yangu kuukuu na kuitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa siku nyingi. Hakukawia.

"Mjomba, mashine bado nzima. Lakini mfumo uliomo, hii Windows 10, umefikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, na ule uliofuata unataka mashine mpya kuliko hii. Utanunua nyingine, au nikuwekee mfumo wa namna nyingine humu humu?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Alicheka. Kwake yeye lile lilikuwa jambo la saa moja tu. Kwangu mimi lilikuwa swali ambalo, katika miaka zaidi ya thelathini ya kutumia kompyuta, sikuwahi kuulizwa hata mara moja. Nimeutumia mfumo huu na ule, ofisini na nyumbani, na kila mara mwingine alikuwa amekwisha kuchagua.

Ndugu msomaji, huenda hujapata kufikiri mfumo wa uendeshaji ni kitu gani. Ni ile programu kuu inayoamka mashine inapowashwa. Ifananishe na mtunza ghala. Wewe humletei barua yako moja kwa moja rafu na sanduku. Unampa yeye, naye anajua pa kuiweka na pa kuitoa. Programu nyingine zote, ya kuandikia, ya hesabu, ya picha, zinapita kwake. Akibadilika yeye, desturi za ghala zima zinabadilika, na pengine mzigo wa jana haupatikani tena.

Hapo mwanzo kila mashine ilikuwa na mtunza ghala wake. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Gary Kildall, alibuni mfumo ulioitwa CP/M. Faida yake ilikuwa kubwa: kompyuta za watengenezaji mbalimbali ziliweza kutumia programu zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo huo mmoja. Kwa miaka kadhaa CP/M ndiyo iliyotawala kompyuta ndogo. Kisha, tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, na mambo yakageuka.

Watu wengi hudhani kwamba IBM ilimpa mnunuzi mfumo mmoja tu. Sivyo. Ilitangaza mifumo mitatu, na CP/M mpya ikiwa mmojawapo. Lakini DOS ya Microsoft iliuzwa dola 40, na CP/M ilipofika mwaka uliofuata iliuzwa dola 240, yaani mara sita. DOS yenyewe haikuwa imezaliwa Microsoft. Ilitokana na kazi ya Tim Paterson wa kampuni ndogo ya Seattle, na Microsoft iliinunua. Werevu wa Microsoft ulikuwa katika mkataba: ilibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo ule ule. Makampuni mengine yalipoanza kuunda mashine zinazofanana na ya IBM, zote zilihitaji DOS.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza la historia hii. Wanunuzi wa mwaka 1982 hawakukaa chini kupima mfumo upi ni bora. Walitazama bei. Kwa kuwa wengi walikuwa na DOS, waandishi wa programu waliandika kwa ajili ya DOS. Na kwa kuwa programu zilikuwa huko, waliokuja nyuma nao wakanunua DOS. Maji yalifuata mkondo. Ilifika mahali baadhi ya watengenezaji wakawa wanailipa Microsoft ada kwa kila mashine waliyoiuza, hata kama mnunuzi alitaka mfumo mwingine, mpaka mwaka 1994 kampuni hiyo ilipokubaliana na serikali ya Marekani kuuacha utaratibu huo. Kwa hiyo mnunuzi aliweza kulipia kitu ambacho hakukichagua na wala hakukitumia.

Haikuwa kwamba vitu vingine havikuwapo. Mwaka 1984 Apple ilitoa Macintosh, yenye kipanya na picha ndogo ndogo badala ya amri za kuandika. Ilipendeza mno, lakini bei yake ilikuwa dola 2,495. Microsoft ilitoa Windows ya kwanza mwaka 1985, ikapuuzwa. Ile ya 3.0 ya mwaka 1990 ndiyo iliyoshika, na Windows 95 ikaingia kila mahali. Tusisahau OS/2, ambayo IBM na Microsoft waliiunda pamoja, ikatoka mwaka 1987, kisha wakaachana. Waliokuwa wakiitumia waliipenda sana. Hata hivyo IBM ilifunga huduma yake mwishoni mwa 2006. Ubora peke yake haukuiokoa.

Huku kwetu hadithi ilikwenda kwa mwendo mwingine. Hazina ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo wakati wenzetu wa ng'ambo walipokuwa wakibishana juu ya CP/M na DOS, wengi wetu tulikuwa tukibishana na utepe wa taipureta. Mimi niliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1993, nikiwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Ilifunikwa kitambaa, na wageni walipofika walionyeshwa. Ilikuja na DOS ndani yake. Hakuna aliyeuliza kama kuna kingine.

Nakumbuka tulivyokuwa tukiyabana majina ya mafaili. DOS ilikubali herufi nane tu, nukta, kisha herufi tatu. "Michango" lilienea sawasawa, na "mikutano" pia. "Wanachama" lilizidi kwa herufi moja, kwa hiyo likawa WANACHAM, na mpaka leo nikiliandika neno hilo kwa haraka mkono wangu husita mwishoni.

Nilipoweza kununua mashine ya mtumba kwa ajili ya nyumbani nilitaka mfumo ule ule wa ofisini, na sisemi kwamba nilikosea. Fundi wa mtaani aliujua huo. Jirani niliyebadilishana naye disketi alikuwa nao huo. Mtu akikwama usiku, huhitaji mfumo bora. Unahitaji mtu wa kumgongea mlango. Hiyo ni sababu halali, na yeyote anayewacheka watu kwa kufuata wengi hajapata kukwama peke yake.

Lakini liko jambo sikulifikiria, nalo lilinigharimu.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana. Nikajisifu kwamba nitaweka kumbukumbu kwa njia ya kisasa. Orodha za michango na mihutasari ya mikutano ya miaka kadhaa nikaiandika kwenye kompyuta, katika programu ya kuandikia iliyokuwa ikivuma siku hizo, nikaihifadhi kwenye disketi tatu. Daftari la mkono tukaliacha. Nilipomaliza kipindi changu nilimkabidhi katibu mpya zile disketi, naye akazitia kwenye bahasha.

Mwaka 2006 mwenzetu mmoja alifariki. Mjane wake alipokuja kudai haki yake, uongozi mpya ulimwambia kwamba jina la mumewe halionekani katika wachangiaji wa miaka ya mwanzo, na kanuni ilidai miaka mfululizo. Mama yule hakupiga kelele. Alinitazama mimi. Mimi nilijua kwamba marehemu alilipa, kwa sababu nilizipokea fedha zile kwa mikono yangu. Lakini kujua si ushahidi.

Tulihangaika siku mbili kutafuta mashine yenye tundu la disketi. Disketi moja ilikuwa imekufa. Ya pili ilisomeka, lakini mafaili yalipofunguliwa kioo kilijaa vikorokoro: ile programu iliyoyaandika haikuwapo tena mahali popote tulipouliza, na programu mpya hazikuielewa lugha yake. Maandishi yalikuwapo na hayakuwapo. Katika disketi ya tatu tulikuta faili moja la mwaka 1996, ambalo nilikuwa nimelihifadhi kama maandishi matupu, bila mapambo, kwa sababu tu printa ya wakati ule ilikuwa ikisumbua. Lilifunguka mara moja. Jina la marehemu lilikuwamo, mwezi kwa mwezi. Chama kikakubali kwamba kumbukumbu zake zilikuwa na pengo, na mjane akapata haki yake.

Nimelifikiri sana faili lile. Maandishi matupu hutumia namba za herufi zilizokubaliwa Marekani mwaka 1963, na karibu kila mfumo uliofuata umeziheshimu. Sisi waandishi wa Kiswahili tuna bahati hapa: herufi zetu hazina alama juu wala mikia chini, na hata ng'ombe anahitaji mkato mmoja tu. Mfaransa na Mwarabu walitaabika zaidi. Kwa hiyo kilichomwokoa mama yule kilikuwa desturi iliyokubaliwa na wengi, isiyo mali ya mtu mmoja. Mihutasari ya mikutano yetu, iliyokuwa katika lugha ya siri ya programu moja, imepotea hadi leo. Silaumu aliyeiunda. Kosa lilikuwa langu: niliingia nyumba bila kutazama mlango wa kutokea.

Wapo waliolitazama jambo hilo mapema. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza huko Marekani mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma kwa ndani, kuubadili na kuugawa. Ulifuata mfano wa Unix, uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell. Mwezi Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiunda kwa kujifurahisha. Vitu hivyo viwili vikaungana, ndipo tukapata kile ambacho watu hukiita Linux. Mwaka 2004 ikaja Ubuntu, yenye jina la Kiafrika lenye maana ya utu, na kwa miaka kadhaa ulimpelekea mtu yeyote CD yake bure kwa posta. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Baadaye Microsoft nayo ilitoa Windows yenye sura ya Kiswahili.

Mimi nilipokea CD yangu ya Ubuntu mwaka 2007. Nikaitia kabatini. Ofisini tulitumia Windows, na programu yetu ya hesabu haikuwa na toleo jingine. Nisijifanye shujaa.

Wala uhuru si wa bure kwa kila upande. Jiji la Munich huko Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta za ofisi zake kutoka Windows kwenda Linux. Ilichukua miaka kumi hadi kompyuta zipatazo 15,000 zikawa zimehamishwa. Novemba 2017 baraza la jiji hilo hilo likapiga kura ya kurudi Windows. Wengine walisema mfumo uliwatesa wafanyakazi, wengine walisema ilikuwa siasa tupu, na ubishi haujaisha. Ninachokiona mimi ni kwamba ofisi haichagui peke yake. Inaandikiana na ofisi nyingine, inatumia programu zilizokwisha kununuliwa, na karani wa kaunta ana foleni mbele yake. Nyumbani hali ni tofauti kidogo. Huko unawachagulia pia wale watakaofungua makaratasi yako wewe ukiwa huwezi tena kuulizwa.

Kwa hiyo wiki ilipokwisha sikumuuliza mpwa wangu ni mfumo upi ulio bora. Nilimuuliza maswali matatu. Nikikwama, nani wa karibu atanisaidia? Kazi ninayoifanya kila siku inafanyika humo? Na siku nikitaka kuondoka, nitatoka na maandishi yangu yote, yakisomeka kwa mwingine?

Alifikiri, kisha akajibu kwa uaminifu. La kwanza: yeye mwenyewe, na hapa Temeke si wengine wengi. La pili: barua na hesabu za chama, ndiyo, ila binti yangu, anayefanya kazi zake za ofisi jioni akiwa hapa, hawezi. La tatu: ndiyo.

Tukakubaliana. Mashine yangu ya zamani sasa ina Linux, na inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Binti yangu amebaki na Windows kwenye yake, kwa sababu kazi yake iko huko, na sina ugomvi naye. Orodha za chama naziandika kwa namna ambayo mashine zote mbili zinaifungua, nazinakili sehemu mbili, na kila mwisho wa mwezi nazichapa. Mpwa wangu aliponiona nikigonga muhuri kwenye karatasi aliuliza, "Mjomba, na daftari tena?"

Nikamwambia ndiyo, na daftari. Yule mama bado yu hai, na siku moja wanawe watakuja kuuliza.